Kuna "Si" Hapo

Kumbukumbu za kikao, Loji Namba Hamsini na Nane,
mji wa Ledrick, nyanda za Saskatchewan.
Waliohudhuria: saba.
Hakuhudhuria, wala hakutuma udhuru:
Mkuu wetu, Orest Danyliuk.

Nimeandika hivyo kwa wino, kisha nikaona haya,
lakini daftari la loji halifutwi,
na sheria hiyo yeye mwenyewe alituapisha nayo.

Alikuwa fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto.
Mikono yake ilinuka masizi hata ndani ya glavu nyeupe,
na mkufu wa cheo ulimkaa shingoni
kama shada la ushindi kwa farasi wa plau.
Niseme kweli, maana maiti husifiwa hadi asitambulike:
alisinzia hesabu zikisomwa,
alikuwa bahili wa kahawa,
na ugomvi wake na Aasen juu ya paa la ukumbi
ulidumu miaka kumi na mmoja,
paa likivuja yote kumi na mmoja.

Lakini upo ule usiku wa Januari.
Kitabu cha kanuni kinasema, kikao kikifungwa,
Mkuu asimame mbele ya taa ya dirisha la mashariki, atamke:
"Taa izimwe. Kazi imetimia."
Orest akasimama, mafua yamemkaba,
ulimi ukateleza kwa silabi moja tu:
"Taa isizimwe. Kazi imetimia."

Tukatazamana.
Nani amsahihishe Mkuu, nyundo ingali mkononi?
Tukavaa makoti, tukaiacha inawaka,
kila mtu akashika njia yake.

Theluji ilishuka usiku ule kana kwamba inatudai.
Asubuhi tukamkuta ukumbini kijana, dereva wa lori la ngano,
katoka Manitoba, lori limezama mtaroni,
kitasa amekivunja kwa bega,
amejifunika bendera yetu na vitambaa vya meza,
meno yanagongana, lakini yu hai.
"Niliona dirisha," alisema.
Orest akatia kitasa kipya. Hakuuliza nani atalipa.

Tangu hapo hatukuizima.
Mara tatu wakubwa wa Regina walituandikia:
kanuni ni kanuni.
Mara tatu alijibu kwa mstari mmoja:
"Tumepokea. Bili ya umeme nalipa mimi."
Yeye huyo, bahili wa kahawa.

Tumemzika Alhamisi.
Ardhi iliganda hata sururu ikadunda,
ikabidi kaburi lipashwe moto siku mbili kabla ya kuchimbwa.
Mjane wake, Halyna, aliitazama ile mashine ikinguruma,
akasema, "Angeifungua kwanza aone nani kaiunga vibaya,"
akacheka, kisha kicheko kikamgeukia.

Kasisi wetu, Desmond Whitcher, ni kijana,
ana miezi minne kati yetu,
na kitabu amekikariri nukta kwa nukta.
Alisoma vizuri, pepo zikimpora karatasi,
hadi akafika mwisho: "Taa izimwe..."

"Si," akasema Aasen.
Aasen wa paa, na fimbo yake, na kifua chake kibovu.
Desmond akainua macho.
"Kuna *si* hapo, mwanangu. Rudia."

Akatafuta kitabuni, hakuiona,
kwa kuwa haijaandikwa popote ila vichwani mwetu saba.
Akarudia.
Nasi tukaitika, nami nikakohoa ili nisilie.

Mengineyo: bili ya umeme, Februari.
Ndugu Aasen ametoa hoja kwamba ailipe yeye.
Hakuna aliyepinga; hakuna aliyethubutu.
Kikao kimefungwa saa tatu na dakika kumi usiku.
Paa bado linavuja, upande wa mashariki, karibu na taa.
Nimeweka ndoo.